Wajukuu wa Bibi Chanika: klachi ya Zuhura

ALHAMISI

Zuhura, 18:41
Shikamooni wakubwa. Poleni na mvua.

Mama Mdogo Asha, 18:44
Marahaba mwanangu. Huku Tabata maji yamejaa uwani ila tupo salama. Umesharudi Kisarawe?

Zuhura, 18:52
Nimerudi, lakini pikipiki imenitia mashaka. Mjomba Hamisi, ukipata nafasi nisaidie. Mlima wa Pugu leo nimeupanda kwa gia ya pili, injini inalia kweli lakini haivuti. Nikiongeza mafuta, mlio unapanda, mwendo uleule. Malori yote yamenipita. Na kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua.

Idd, 18:55
Dada, klachi hiyo imekwisha. Kesho nipo Kariakoo, napita Gerezani nakuchukulia pleti mpya, vile visahani vya ndani ya klachi vinavyoshikana. Nitumie hela tu.

Mjomba Hamisi, 19:20
Idd, shusha pumzi kwanza. Zuhura, usitume hela ya pleti leo. Pleti zinaweza kuwa zimekwisha kweli, lakini ni kitu cha mwisho kuangalia, si cha kwanza. Nimeona vijana wengi wananunua pleti, wanafunga, na inateleza vilevile.

Kwanza nijibu haya. Ukikamata mkono wa klachi, kabla haujaanza kuvuta kitu, unacheza kiasi gani? Na oili ilibadilishwa lini, oili gani?

Zuhura, 19:26
Haichezi kabisa mjomba. Ukigusa tu inavuta. Fundi aliukaza waya wa klachi wiki mbili zilizopita, nilimwambia gia zinaingia kwa shida. Siku hiyohiyo akamwaga na oili.

Mjomba Hamisi, 19:31
Hapo ndipo penyewe. Mwisho wa ule mkono, pale kwenye kifundo cha duara, unatakiwa ucheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Usipocheza, ni sawa na kuendesha huku umeushika kidogo muda wote. Springi hazizibani pleti sawasawa, pleti zinasuguana, zinapata moto, zinaungua. Harufu uliyoisikia ndiyo hiyo.

Tena jambo hili watu hawalijui: pleti zikilika, ule mchezo unapungua wenyewe. Kwa hiyo waya hauwekwi mara moja ukasahauliwa. Kila ukipaka cheni oili, angalia na mkono wa klachi.

Bibi (kaandika Mwanaidi), 19:38
Bibi anasema asiipande tena Pugu na chombo kibovu. Apande gari.

Zuhura, 19:40
Shikamoo bibi. Kesho nina wakulima wa mihogo Maneromango, huko ndani gari haziendi mvua hii. Lakini nitawapigia tuahirishe.

Mjomba Hamisi, 19:42
Umefanya vizuri. Mama, msikilize mjukuu wako, ameelewa.

Zuhura, kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi: kuna skrubu ya kurekebishia pale mkononi na nyingine chini kwenye injini. Legeza nati ya kufungia, zungusha hadi mkono ucheze kama milimita 15, kisha kaza nati. Halafu geuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Mchezo usipotee popote. Ukipotea upande mmoja, waya umepita vibaya au umebanwa.

Na nitumie picha ya kopo la oili.

Zuhura, 19:58
[picha]

Mjomba Hamisi, 20:10
Nimeikuza. Hii ni oili ya gari, 5W-30. Ni oili nzuri na ya ghali, sikatai, ila si ya hapo. Kwenye Honda yako klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Za gari hasa nyepesi kama hii zinatiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Kwenye injini ni faida. Kwenye pleti zinazotakiwa kushikana ni balaa.

Tafuta oili ya pikipiki, nyuma ya kopo imeandikwa JASO MA au MA2, ni alama za viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. Isiwe MB, hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hii. Unene wa 20W-50 au 10W-40 ni sawa kwa joto letu.

Idd, 20:13
Mjomba, mimi bodaboda yangu natia yoyote inayopatikana na haijawahi kuteleza.

Mjomba Hamisi, 20:16
Za mizigo midogo barabara ya lami zinavumilia. Dada yako anapita matope na mchanga, anashikilia klachi nusu kila dakika. Oili isiyofaa huonekana kwanza pale panapotaka nguvu.

Mama Mdogo Asha, 20:20
Jamani na mchango wa Jumamosi msisahau, mchele bado.

IJUMAA

Zuhura, 11:05
Mjomba, waya nimelegeza, unacheza. Oili nimemwaga, imetoka nyeusi kabisa na ina harufu ya kuungua. Nimeweka ya JASO MA. Nimezunguka hapa Kisarawe mjini, inavuta vizuri.

Mjomba Hamisi, 11:12
Tambarare haisemi ukweli. Nenda sehemu yenye mwinuko mfupi, iliyo salama, isiyo na malori. Gia ya nne, mwendo wa wastani, kisha fungua mafuta kwa mkupuo. Mlio ukipanda na mwendo ukapanda pamoja, umepona. Mlio ukitangulia peke yake, bado.

Zuhura, 12:40
Mara ya kwanza ilishika. Mara ya tatu, injini ikiwa imepata moto, ikaanza tena. Kidogo, si kama jana.

Mjomba Hamisi, 12:47
Basi pleti zimeshaungua, na oili ile imezama kwenye zile nyuzi zake. Sasa tunafungua. Idd, sasa ndio uende Gerezani. Chukua pleti za msuguano seti nzima, springi, na gasketi ya kava. Beba picha ya namba ya fremu usije ukapewa ya modeli nyingine. Pleti za chuma, zile zinazokaa katikati ya hizo za msuguano, usinunue mpaka tuzione.

Idd, 12:49
Sawa mjomba. Springi nazo?

Mjomba Hamisi, 12:53
Nazo. Moto huzichosha, zinapungua urefu. Na ukishafungua kava hutaki kurudi tena kwa ajili ya springi.

JUMAMOSI

Mjomba Hamisi, 07:30
Nimetoka Temeke, nakuja Chanika kwa mama. Zuhura mlete mnyama kwenye gari la jirani, usimwendeshe. Tafuteni turubai na sahani kubwa ya kioo.

Mama Mdogo Asha, 07:33
Kaka, kioo cha nini? Mimi nilidhani unakuja kula pilau.

Mjomba Hamisi, 07:35
Pilau pia. Kioo cha kupimia pleti kama zimepinda.

Zuhura, 13:15
Nawaandikia wale ambao hamkuja. Mjomba hakumwaga oili mpya tuliyotia jana. Alifunga koki ya petroli, akamwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta, akatoa betri, kisha tukailaza pikipiki kwa upande wa kushoto juu ya turubai. Klachi iko kulia, ikawa inatazama mbinguni na oili yote imekaa chini. Akatoa teke la kuwashia, kikanyagio cha breki, waya, halafu bolti za kava. Kila bolti ameichomeka kwenye kipande cha boksi mahali pake, kwa sababu hazilingani urefu.

Mjomba Hamisi, 13:22
Andika na la springi.

Zuhura, 13:26
Bolti za springi zinalegezwa kidogokidogo, moja kisha iliyo mkabala nayo, usitoe moja yote ukaacha nyingine. Ndani pleti zilikuwa nyeusi na zimeng'aa kama ganda la mende. Kwa kalipa, kile kipimo cha unene, mpya ilisoma karibu milimita 3, zangu zilikuwa 2.4. Za chuma mbili zina rangi ya bluu. Tumezilaza juu ya kioo: moja imekaa sawa, moja inayumba ukiigusa pembeni. Idd amekimbilia Gongo la Mboto kutafuta ya kubadilisha.

Rama, 13:31
Fundi wa kijiweni kwetu Kigamboni husugua pleti kwa msasa zikarudi.

Mjomba Hamisi, 13:34
Rama, msasa utakufikisha nyumbani ukikwama njiani. Pleti iliyolika hairudi unene wake. Ukiipa msasa unaipunguza tena.

Zuhura, 15:48
Tumefunga. Pleti mpya tumezilowesha kwenye oili tangu saa sita mchana, mjomba anasema zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Ndoo ya klachi, ile inayobeba pleti, ina makovu madogo pale meno ya pleti yanapogonga, ameyapitisha tupa kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa yananifanya gia ziingie kwa shida. Yaani waya haukuwa na kosa tangu mwanzo.

Mjomba Hamisi, 15:55
Nimekuwa nafungua klachi tangu tunatengeneza pikipiki za mabwana shamba. Gia kuingia kwa shida ni klachi isiyoachia, kuteleza ni klachi isiyoshika. Ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti. Ukitibu la kwanza kwa kukaza waya bila kipimo, unazaa la pili.

Bibi (kaandika Mwanaidi), 16:02
Bibi anauliza kama sasa ni salama.

Mjomba Hamisi, 16:04
Mama, nimeipandisha mwenyewe mlima wa Pugu mara mbili, gia ya nne. Inashika. Zuhura, kwenye mchanga usiweke vidole juu ya mkono wa klachi, ushike au uache. Wiki ya kwanza usiifinye sana, na ukifika kilomita mia angalia ule mchezo, pleti mpya zinajikalia.

JUMATATU

Zuhura, 10:17
[picha]
Maneromango. Matope mpaka nusu ya gurudumu, nimepita. Mkono unacheza milimita 14. Wakulima wanawasalimu, wamenipa mihogo ya bibi.