Chenji ya mawese anaijua, daftari la hesabu linamshinda

MamaMawese
Habari za jioni humu ndani. Nina kijana wangu wa miaka 9, darasa la tatu, hapa hapa Kigoma mjini. Nauza mawese soko la Mwanga na Jumamosi nakaa naye. Juzi mteja kachukua chupa tatu za elfu nne nne, katoa noti mbili za elfu kumi. Sijafungua hata mkoba, mtoto keshasema, "Mama, mrudishie elfu nane."

Jioni nikafungua daftari lake. 20 − 12, kaandika 12. Hesabu zilikuwa kumi, kafanya nne tu. Mbili za kutoa kazijumlisha. Pembeni kachora mtumbwi wa dagaa na karabai zake, vizuri kabisa, mpaka kamba zinaonekana. Kwingine kote kosa, kosa, kosa, wino mwekundu.

Nyumbani naye hatulii. Nikimtuma chumvi anarudi na habari ya mbwa aliyemwona njiani, chumvi hana. Mwalimu anasema mvivu, bibi yake anasema kachezewa, baba yake anasema fimbo. Fimbo tumeshajaribu, sasa akiona daftari tu anaanza kulia. Nifanyeje jamani?

Mwl. Mstaafu, Kasulu
Pole mama. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na hapo naona makosa mawili tofauti, usiyachanganye.

20 − 12 kupata 12 si mawazo kuruka. Kaona sifuri haitoi mbili, akageuza: mbili toa sifuri, mbili, mbili toa moja, moja. Hajaelewa kukopa, na atalirudia hilo kosa kila siku hata akitulia kama maji ya mtungi. Chukua njiti za kiberiti, funga kumi kumi kwa mpira. Weka mafungu mawili mezani, mwambie akupe njiti kumi na mbili. Fungu moja atakupa zima, la pili itabidi alifungue. Usimfungulie! Akishafungua, ndipo muandike pamoja.

Kujumlisha pa kutoa, hilo ndilo la macho kuruka. Kata tundu kwenye kipande cha boksi, ionekane hesabu moja tu. Kabla hajaanza azungushie alama kwa penseli ya rangi. Hesabu tatu, akachote maji, arudi tatu nyingine. Fimbo weka kando, mtoto mwenye hofu hashiki namba.

Baharia wa Kibirizi
Siku hizi mnalea mno. Sisi tulichapwa na hesabu tunajua.

MamaMawese
Kaka, wangu kachapwa na hajui. Tuendelee.

Nesi Ujiji
Dada, kabla ya yote apimwe macho na masikio, maana mtoto asiyeona ubao vizuri anaonekana mtundu tu. Mwangalie pia kama kuna nyakati anakodoa sekunde chache, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kama hakuna kitu; aina moja ya kifafa huwa hivyo, bila kuanguka. Na usiku anakoroma? Mtoto asiyelala vizuri mchana hatulii.

Hayo yasipokuwepo, kuna hali ya ubongo iitwayo ADHD, mtoto anashindwa kutulia na kukaza mawazo. Si uchawi wala malezi mabaya. Daktari ataangalia kama dalili zipo nyumbani na shuleni pia, na zilianza kabla ya miaka 12. Dawa zipo, ila ni za kuandikiwa na daktari, usinunue kwa kusikia. Na kujua chenji hakuondoi uwezekano: sokoni jibu linatakiwa hapo hapo na mteja kasimama mbele yake, daftarini hakuna anayemsubiri. Anzia Maweni, hospitali yetu ya mkoa, wao watakwambia kama anahitaji rufaa.

MamaMawese
Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Jana umeme ulikatika, tukafanya njiti kwa tochi ya simu. Fungu la pili kalishika muda, ananiangalia, kisha akalivuta ule mpira ukaruka mpaka kwenye ndoo. Zikabaki nane. Akazihesabu mara mbili, akasema, "Si ile chenji?" Tukaandika 30 − 14, akapata 16. Halafu 41 − 23, akarudi kule kule, 22. Nikaacha, alishaanza kupanga njiti kutengeneza nyumba.

Jumatatu tunakwenda Maweni. Nimwombe mwalimu wake aandike barua, au nieleze tu kwa mdomo?

Nesi Ujiji
Aandike, daktari anahitaji kujua ya darasani. Na hilo daftari lenye mtumbwi libebe.