Mshindi wa mada ya "Mlango" alifuta waya wa stima. Kanuni tuiandike vipi?

MtotoWaSeremala (Lamu)

Assalaam aleikum. Tuna kikundi chetu cha kupiga picha kwa mapenzi tu hapa Lamu, watu kumi na mmoja: walimu wawili, fundi simu, nahodha, wanafunzi, na mimi muuza misumari na rangi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunakutana baada ya isha, kahawa chungu na tende, picha zinamulikwa ukutani kwa projekta ya kuazima. Mada moja, kila mtu picha moja, alama juu ya 20. Pia hutoka pamoja. Mara ya mwisho tulikwenda Matondoni kuwapiga picha mafundi wa majahazi. Mambo yalikuwa shwari hadi juzi.

Mada ilikuwa "Mlango". Na Lamu hii, mwatarajia nini? Picha kumi na moja, saba mlango ule ule wa Mkomani. Iliyoshinda ilipata 17, na haki ya Mungu ni nzuri: jua la asubuhi limepita ubavuni, nakshi zimetokeza utadhani utazishika. Yangu ikawa ya pili, 15. Zawadi ilikuwa memori kadi ya GB 64.

Sasa, mlango ule naupita kila siku nikienda dukani. Ubavuni pana mita ya stima, na waya mweusi unashuka ukikata kona ya kizingiti cha juu. Kwenye picha hamna mita wala waya. Nikaomba ikuzwe. Marehemu baba alikuwa seremala, na macho yangu kwenye mlango hayatulii: yanaanza na mfaa, ule ubao wa wima pale katikati, kisha yanapanda kwenye maua. Maua yote ya kizingiti kile yana majani manane. Lile la kona, pale pa waya, lina saba, na la saba limeyeyuka kama samli juani. Simu imelitunga yenyewe.

Nikanyamaza. Aliye wa pili akisema, ni husuda hiyo. Na mwenzetu hakuvunja kanuni, maana kanuni zenyewe hatuna. Je, vikundi vya kwenu mnaruhusu kufuta vitu? Na mnaiandikaje kanuni isionekane imeshonwa kwa mwili wa mtu mmoja?

Chaji_Moto

Kaka, waya ni uchafu tu. Bi harusi akiwa na chunusi siku ya picha humfutii? Mwache mtu na kadi yake.

KameraKuukuu (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu. Enzi zetu "kusafisha picha" ni kuitia filamu kwenye dawa, gizani, vidole vinanuka siki siku nzima. Leo nasikia kijana akisema amesafisha picha, kumbe amefuta jirani.

Gaweni mashindano mafungu mawili. Fungu la uhalisia: hapaongezwi kitu, hapahamishwi, hapafutwi. Kukata kingo, kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, kuondoa doa la vumbi la kamera, ruhusa. Fungu huria: fanya utakalo, weka hata miezi miwili angani. Halafu anayeingia la uhalisia awe tayari kutoa faili kama lilivyotoka kwenye kamera au simu. Hilo la faili ndilo lenye meno.

Wala msidhani ni ugomvi wa vijijini. World Press Photo, mashindano ya picha za habari, mwaka 2015 waliziondoa karibu picha moja katika kila tano zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, kwa kuchezewa. Na mwaka 2018 jumba la makumbusho la Natural History Museum, London, lilimvua mpiga picha ushindi wake baada ya wataalamu kuona kwamba yule mnyama mla mchwa wa Brazili kwenye picha alikuwa wa kukaushwa!

Bi harusi ni mteja, Chaji_Moto, amelipa. Mlango haukumlipa mtu. Mji wenu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na mjukuu atakayeitazama picha hiyo atataka kujua stima ilipitia wapi. Mita ile ni sehemu ya nyumba.

Kadi msimnyang'anye. Kanuni ianze mwezi ujao.

Na wewe, 15 zako nazijua bila kuiona picha. Ukuta wa chokaa umetoka kijivu, au siyo? Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga. Ongeza mwanga hatua moja, mpaka chokaa iwe chokaa. Na vichochoro vyenu havina pa kurudi nyuma, kwa hiyo watu huielekeza kamera juu na mlango unalala chali. Ingia kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya mbele, uishike kamera wima bila kuiinamisha, kisha ukate nafasi ya chini baadaye.

BintiShela

Maadamu mnaandika, andikeni na la ruhusa. Mama yangu alipigwa picha amekaa mlangoni kwake anachambua mchele, kichwa wazi, akaja kujiona kwenye simu ya shangazi. Hakuulizwa. Mwenye kufuta waya angemfuta na yeye, afadhali!

Na majina yasitajwe kabla ya alama. Picha ipewe namba. Hapa Lamu nani asiyemjua nani? Muamuzi akijua ni ya mkwewe, atampa 12?

MtotoWaSeremala (Lamu)

Ami KameraKuukuu, ukuta ni wa kijivu kweli. Nimecheka peke yangu dukani, mteja akanitazama.

Nimekwenda kwa mwenzangu nyumbani, si mbele za watu. Nikamwonyesha lile ua. Hakujua hata yeye. Anasema aligusa waya kwa kidole, ukatoweka, akafurahi. Yeye mwenyewe ndiye atakayeleta hoja ya mafungu mawili Ijumaa, hivyo hakuna atakayesema ni mimi. Namba badala ya majina tumekubaliana tayari. La ruhusa, dada, nitalisimamia mwenyewe, na mama umpe salamu.

Muamuzi tunataka wa nje. Ami, tukikutumia picha kumi na moja kwa simu utakubali? Mada ya mwezi huu ni "Punda". Nimeshapiga karibu mia mbili, wote wamenipa mgongo.