Mistari imefichwa kwenye lahajedwali la kikundi na jumla haioani na inayoonekana. Naombeni ushauri

mhasibu_amu
Assalaam aleikum wanajamvi. Nimekabidhiwa kazi ya mweka hazina katika kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu. Pamoja na vitabu vya risiti nikapewa faili la Excel lenye kilo za samaki na malipo ya kila mwanachama. Nambari za mistari pembeni kushoto zaenda sawa mpaka 31, kisha yafuata 118. Juu nako yaanzia 4, vichwa vya jedwali havipo kabisa, kilo na bei natofautisha kwa kukisia.

Kinachonikosesha usingizi ni jumla. Karatasi ilichapishwa ikabandikwa bandani, mzee mmoja akatoa simu akajumlisha mstari kwa mstari, nguru, changu, tafi, kolekole, akapata kilo 640. Chini pameandikwa 1,414. Tangu siku hiyo watu wanamnong'ona katibu aliyetoka, naye ni mtu wa watu. Nimebofya kulia kwenye 31 nikachagua Unhide, hakuna kilichotokea. Ukurasa wa malipo nao nambari zaruka ruka na zina rangi ya buluu. Nifanyeje?

fundi_langoni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza kabisa toa nakala ya faili, ufanyie kazi hiyo nakala. Na usifute mstari wowote kwa sasa. Ukiteua kuanzia 31 hadi 118 ukafuta, vilivyofichwa katikati vyaondoka navyo na wala hutaona vikiondoka.

Unhide haikukubali kwa sababu uliteua mstari mmoja. Bonyeza nambari 31, buruta mpaka 118 ili yote miwili iwe ndani, ndipo ubofye kulia hapo hapo kwenye nambari uchague Unhide. Au ukishateua, bonyeza Ctrl+Shift+9. Ukitaka kufichua ukurasa mzima kwa mpigo, bonyeza ile pembetatu ya kona ya juu kushoto, kisha ufanye vivyo hivyo. Ikiwa mtu alibana kimo cha mstari mpaka ukawa kama uzi, Unhide haitausaidia. Hapo chagua Row Height uandike 15.

Kuhusu jumla, usimdhanie mtu vibaya. Fomula ya SUM hujumlisha kila kilichomo, kionekane kisionekane. Mstari uliofichwa hauchapishwi, lakini kilo zake zimo kwenye hesabu. Huenda katibu alitaka tu karatasi itoshee ukurasa mmoja.

karani_malindi
Naongezea alipoishia kaka hapo juu, maana mimi hushinda na mafaili kama haya kwa mnunuzi wa samaki huku Malindi.

Nambari za buluu ni dalili ya kichujio. Hiyo haifichuliwi kwa Unhide. Nenda Data, bonyeza Clear, mistari yote itarudi. Kabla hujafanya hivyo angalia ni kichwa kipi cha safu chenye alama ya faneli, ujue alichuja kwa jina au kwa tarehe. Itakusaidia kuelewa alikuwa akitafuta nini.

Jumla ifuate kinachoonekana? Badala ya SUM tumia =SUBTOTAL(109,C4:C125). Wengi huandika 9 badala ya 109 kisha wakashangaa: 9 huacha kilichochujwa, lakini kilichofichwa kwa mkono hukihesabu. 109 huacha vyote viwili. Ila hii ni ya mistari tu. Ukificha safu za wima haibadilishi kitu. Ningekuwa wewe ningeweka zote mbili chini ya karatasi, moja iandikwe "Jumla ya iliyoonyeshwa" na nyingine "Jumla ya mwaka". Mzee wenu akijumlisha kwa simu atapata ile ile.

mhasibu_amu
Allah awajazi kheri. Mistari 32 hadi 117 imetoka, na ni miezi ya kusi tupu! Vyombo vidogo havikutoka sana, siku nyingine ni kilo tatu, nne. Nimejumlisha peke yake nikapata 774. Ukiongeza 640 ni 1,414 kamili. Katibu hakuchukua hata samaki mmoja, na nitalisema hilo mbele ya watu wale wale.

Yamebaki mawili. Mistari 1 hadi 3 imekataa kila njia. Tena mnunuzi ataka nimtumie faili, na ndani mna madeni ya wanachama. Nikiyaficha yatosha?

mwalimu_shela
Hayatoshi, mwanangu. Aliyefichua 32 hadi 117 ni wewe, kwa kubofya tu. Mnunuzi naye ana kipanya. Deni la mtu ni siri yake, liweke kwenye faili jingine kabisa lisilotoka kwa mweka hazina. Hata kufunga ukurasa kwa nenosiri nisingelitegemea kwa jambo kama hili.

Na kwa maoni yangu, faili la kikundi lisifichwe mstari kimyakimya. Teua miezi ya kusi, nenda Data, chagua Group. Pembeni hutokea alama ya kutoa na ya kujumlisha. Unakunja na kukunjua, na kila anayefungua anaona kwamba hapa pamekunjwa kitu. Yale yaliyowatia watu shaka bandani yalitokana na kutoona alama yoyote.

karani_malindi
Namuunga mkono Mwalimu kuhusu madeni. Mnunuzi mtumie PDF, au teua anachohitaji, bonyeza Alt pamoja na alama ya nukta mkato (;) ili zishikwe seli zinazoonekana tu, nakili, bandika kwenye faili jipya. Bila hiyo Alt, mistari uliyoificha kwa mkono inanakiliwa pamoja na mingine.

Mistari 1 hadi 3 nadhani haikufichwa. Mtu alishuka chini kidogo, kisha akagandisha ukurasa 4 ikiwa juu kabisa, kwa hivyo ya juu haifikiki. Nenda View, Freeze Panes, uchague Unfreeze Panes, kisha upande juu.

mhasibu_amu
Vichwa hivyo hapo! Tarehe, jina, samaki, kilo, bei. Nimegandisha upya mstari wa 1 ukiwa unaonekana. Madeni nayahamisha usiku huu, na karatasi mpya yenye jumla mbili itabandikwa bandani kabla ya mkutano, katibu mwenyewe nimeshamwomba aje.