Naomba ushauri: kupanga vyanzo vya waombaji kazi kwa ajili ya ripoti

Wakuu, habari. Kwenye Excel yangu safu ya chanzo (mwombaji alisikia wapi kuhusu kazi) imejazwa kila mtu atakavyo: "LinkedIn", "linkedin.com", "rafiki", "tangazo". Ripoti inataka makundi manne tu: mtandaoni, kupendekezwa na wafanyakazi, matangazo, wakala. Kupanga kwa mkono ndani ya PivotTable (jedwali la muhtasari la Excel) hakufai; jina jipya likiingia linabaki nje ya kundi. Nimeweka jedwali la pembeni, jina ghafi (lilivyoandikwa) na kundi lake, navuta kwa XLOOKUP (fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali). Kisichopatikana kinaandikwa "Bado". Nafasi tupu fiche katika maandishi yanayotoka kwenye tovuti haziondoki kwa TRIM (fomula ya kufuta nafasi tupu za ziada), lazima SUBSTITUTE (fomula ya kubadilisha herufi) ya CHAR(160), yaani nafasi tupu fiche yenyewe, itangulie.

Ninapokwama: mwombaji mwenye vyanzo viwili ahesabiwe kwa cha kwanza au cha mwisho? Na makundi yakibadilishwa katikati ya mwaka, ripoti za nyuma mnazigusa?