Tupeane uzoefu: kijiwe cheupe cha mtoni, ulijuaje kuwa ni kwatzi (quartz, madini ya kawaida yanayong'aa kama kioo)?

Wakuu, naanza mimi. Nimekulia Shinyanga, si mbali na Mwadui, na huko habari za almasi unazinyonya ukiwa mgongoni. Nilipomaliza darasa la saba niliokota mtoni kijiwe kinachopitisha mwanga kama barafu. Nikakwaruza nacho chupa ya soda, ikabaki na mstari. Usiku ule sikulala. Baba mdogo akauza mbuzi wawili tupate nauli ya mjini. Mnunuzi akakiangalia, akaokota kokoto nyeupe pale pale mlangoni, akakwaruza nayo kioo. Mstari ule ule. "Hii nayo ni almasi?" Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 (cha Mohs), kwatzi ni 7, kioo hakifiki 6, almasi ni 10. Kwa hiyo kioo hakitenganishi kwatzi na almasi hata kidogo. Leteni na yenu, mwingine asiuze mbuzi wake bure.

Mdau, Tanga
Pole sana mkuu. Huku kwetu linalochanganya ni jiwe la chokaa, maana nalo huwa jeupe na linang'aa. Natumia kisu. Chokaa inachimbika, inatoa unga. Kwenye kwatzi kisu kinateleza na kuacha alama ya kijivu, na hicho ni chuma cha kisu chenyewe. Ukilivunja jiwe la kwatzi, linameguka kwa mibonyeo kama kitako cha chupa kilichovunjika.

Mdau, Geita
Sisi tunaifuata kwatzi kwa sababu dhahabu hukaa kwenye mishipa yake. Lile jeupe pe mara nyingi tunaliacha, tunatafuta lenye kutu na vitundu. Ila nililokuja kusema ni vumbi la kwatzi. Kaka yangu alifanya kazi kwenye karasha miaka mingi, kitambaa tu puani. Sasa akipanda ngazi tano anakaa chini kutafuta pumzi. Makovu ya mapafu hayatoki. Jamani, lowesheni mawe kabla ya kusaga, na vaeni barakoa za vumbi.

Mdau, Dodoma
Mnaojiuliza kwa nini mtoni zimejaa hizi tu: matale yetu (mawe ya graniti) yakioza, sehemu kubwa inageuka udongo wa mfinyanzi, kwatzi haiozi, inabaki inaviringishwa na maji. Chukueni mbili nyeupe, ingieni chumba cha giza, zisugueni kwa nguvu. Zinawaka kwa ndani, rangi ya machungwa hafifu, na mkono unabaki na harufu ya kuungua. Bibi ndiye aliyenionyesha, taa ya chemli ikiwa imezimwa.