Fundi wa sprinkla kapuliza hela yangu, maji kayaacha kwenye bomba

Wakuu mniwie radhi nikiteleza ulimi, hapa nilipo nimelowa mpaka soksi. Niko Minnesota mwaka wa sita, nyumba tuliyonunua ina sprinkla za kumwagilia majani, zoni 6 (yaani sehemu sita zinazofunguliwa moja moja), na mimi nimekulia Morogoro, kwetu majani anamwagilia Mungu, kwa hiyo kila Oktoba naita fundi aje ayapulize maji yote yatoke kwenye bomba kwa upepo wa kompresa kabla baridi haijakaza. Mzee jirani alinipa somo mapema, huku ardhi inaganda futi 3 na nusu na bomba zenyewe zimefukiwa inchi 10 tu, maji yakibaki humo yanaganda yanatanuka kama soda uliyoisahau friza.

Sasa mwaka jana fundi wangu wa siku zote alibanwa nikaita kampuni nyingine. Kaja kijana na kikompresa saizi ya ndoo, kile cha kujazia tairi! Nikamuuliza, kitaweza hiki? Eti presha inatosha. Nani kauliza presha?? Kinachosukuma maji ni wingi wa upepo, ndo maana wenye kazi yao wanakuja wamekokota kompresa la magurudumu nyuma ya gari halafu presha wanaishusha, maana hizi bomba laini za plastiki ukizidisha 50 psi unazipasua mwenyewe. Zoni ya kwanza vichwa vya kurushia maji vikainuka nusu, vikakohoa povu kidogo, vikalala, jamaa huyoo zoni ya pili. Zote 6 dakika kumi na mbili nimesimama na koti namtazama. Namwambia rudia basi mzunguko wa pili, ananijibu sio lazima. Na dola 95 nikatoa, zezeta mimi.

Leo asubuhi nimeshuka besimenti nikafungua koki, taratibu kabisa, wife yuko nje anaangalia. Nikasikia yowe. Kile kidude cha shaba pale ukutani kinachozuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa kimechanika ubavuni, ufa unaingiza ukucha, maji yanaruka mpaka dirisha la jikoni. Kuja kuangalia koki mbili za hicho kidude, yule kijana kazifunga zote kabisa badala ya kuziacha nusu, maji yakanaswa katikati hayana pa kwenda, winta yote ile! Zoni ya 4 nayo ni bwawa, bata waje tu.

Nimepiga ofisini kwao, dada wa simu ananiambia malalamiko mwisho siku 30 baada ya kazi. Dada, Novemba nikague nini, nifungulie maji kwenye theluji?

Picha ya ufa ninayo, risiti ninayo. Aliyewahi kumburuza fundi kwenye ile mahakama ya madai madogo huku aniambie fomu inajazwaje, na mwenye namba ya fundi mwenye kompresa la kukokota aje PM haraka, wife hataki hata kuniangalia.