Huyu mjuaji wa leseni za programu amenimaliza leo, tena na samosa mdomoni

Ndevu_Nyeupe: Mnamjua. Sitaji jina, anasoma humu. Yule havui kofia hata ndani ya nyumba, anayejiita mkongwe wa programu huria kwa sababu alisakinisha Linux enzi za saiba.

Leo Westlands, mbele ya mteja, nimesema polepole: kile kipande tulichotoa kwenye mradi wenye leseni ya GPL toleo la 2 pekee (ile inayotaka ukigawa programu iliyotokana nayo, nayo ibaki na leseni hiyo hiyo) hatuwezi kukiunganisha na kifurushi chenye leseni nyingine, Apache 2.0, halafu tumkabidhi mteja programu nzima. Masharti ya hataza (patent) ya Apache hayaelewani na GPLv2. Ingekuwa toleo la 3, lile la 2007, hakuna neno. Jamaa akanigonga bega, samosa mdomoni: "Tulia, kijana. Cha bure hakina masharti."

KIJANA! Nina mvi hadi puani. Mteja akacheka. Dada wa uhasibu akacheka. Naapa hata mtungi wa maji ulicheka. Vipande vya samosa viko ndani ya kibodi yangu hadi sasa, herufi G haibonyezeki.

Halafu akafuta faili la leseni hapo hapo, eti mradi uonekane safi. Akafuta! Hata MIT, leseni fupi kama risiti ya supamaketi, inakutaka uiache notisi ya hakimiliki. Lakini hayo tisa. Kumi ni "tulia, kijana". Na lile bega!

Bwana_Seva: Sasa mkuu, unalilia leseni ama unalilia umri?

Ndevu_Nyeupe: Alinigonga na mkono wenye mafuta. Shati jeupe.

Wa_Rongai: Si mngetumia MIT kila mahali mlale usingizi.

Mama_Msimbo: Msimbo wa wenyewe wa GPL huugeuzi MIT kwa vile umeamka vizuri. MIT inaingia ndani ya GPL, kurudi hairudi.

Wa_Rongai: Mama, kwani ni mtihani?

Kunguru: Nyinyi mna raha. Bosi wetu amechukua kitu cha AGPL, ndugu yake GPL, akakichokoa, akakiweka kwenye seva. Anasema hatumgawii mtu programu kwa hivyo hatudaiwi. Nikamwambia hiyo A iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, wanaoitumia mtandaoni wana haki ya kupewa msimbo. Akanitoa kwenye kundi la WhatsApp.

Bwana_Seva: Afadhali wewe umetolewa. Mimi mteja ananiambia "natuma jioni" tangu shule zifunguliwe.

Kunguru: Jioni ya nchi gani?

Ndevu_Nyeupe: Jamani, alifuta FAILI.

Wa_Rongai: Seva, huyo mteja wako si wa Kilimani, ana gari jeupe, simu mbili na hakuna anayoshika?

Bwana_Seva: Ndiye! Na wewe?

Wa_Rongai: Njoo pembeni. Tuko wengi, hata fundi aliyempakia rangi ofisi anamtafuta.